Jeni za vimeng'enya katika hatua za maisha ya mnyoo wa kichocho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wanafunzi wa biolojia, wafanyakazi wa maabara na wasomaji wengine hurudia kuyauliza. Mfano mkuu ni Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho anayeishi katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Aina nyingine zimetajwa pale tu ambapo tofauti yake inafundisha jambo. Swali likiwa limekwisha kujibiwa mahali pengine, msomaji anaelekezwa huko kwa namba.

## Misingi

1. Usemi wa jeni ni nini, na una uhusiano gani na vimeng'enya?

Jeni ni maagizo yaliyoandikwa katika DNA. Yanapohitajika, seli huyanakili katika RNA mjumbe, kisha ribosomu husoma nakala hiyo na kutengeneza protini. Safari hiyo yote, tangu kunakiliwa hadi protini kukamilika, ndiyo inayoitwa usemi wa jeni. Vimeng'enya karibu vyote ni protini, na kila kimoja huharakisha mmenyuko wake mahususi wa kikemia: hiki hukata protini nyingine, kile huvunja sukari, na kingine huondoa sumu. Kwa hiyo, anayetaka kujua mnyoo anajiandaa kwa kazi gani anaweza kuanza kwa kuuliza ni jeni zipi za vimeng'enya zinazonakiliwa kwa wakati huo.

2. Hatua za maisha ya mnyoo wa kichocho ni zipi?

Yai hutoka na kinyesi cha binadamu na kuanguliwa likifika kwenye maji yasiyo na chumvi. Kiluwiluwi kinachotoka, kiitwacho mirasidia, huogelea kikimtafuta konokono wa maji wa jenasi Biomphalaria, na kisipompata kwa muda wa siku moja hivi hufa. Ndani ya konokono hugeuka kuwa sporosisti mama, ambaye huzaa sporosisti mabinti, nao mabinti huzaa serkaria kwa maelfu. Serkaria humtoka konokono na kuingia majini, hupenya ngozi ya mtu, hupoteza mkia na kuwa skistosomula. Huyu husafiri kwa damu kupitia mapafu hadi mishipa ya ini, hukua, hupata mwenzi, na baada ya wiki tano au sita tangu kuingia mwilini jike huanza kutaga.

3. Je, jeni zenyewe hubadilika kutoka hatua moja hadi nyingine?

Hapana. DNA ya serkaria ni ileile ya mnyoo mzima anayetokana naye. Genomu ya S. mansoni, yaani DNA yake yote, ilipochapishwa mwaka 2009 ilikadiriwa kuwa na jeni 11,809, na jeni hizo zimo katika yai, katika sporosisti na katika mnyoo aliyekomaa vilevile. Kinachobadilika ni zipi zinanakiliwa, kwa kiasi gani, na katika seli zipi. Ndiyo maana viumbe wenye maumbo tofauti kiasi cha kudhaniwa kuwa wanyama mbalimbali wanaweza kutokana na maandishi mamoja.

Tofauti hiyo husimamiwa kwa sehemu kubwa na alama za kikemia zinazowekwa kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA imezungushiwa. Serkaria ni mfano mzuri: unakiliji wa jeni zake umeshuka sana, karibu na ukimya, na jeni zake nyingi zimebeba kwa pamoja alama ya kuruhusu na alama ya kuzuia. Kwa namna hiyo zinabaki tayari kuamshwa upesi mara kiluwiluwi kinapoingia mwilini.

## Kutoka konokono hadi ngozini

4. Serkaria hupenyaje ngozi ya binadamu?

Serkaria ana urefu usiofika milimita 1. Nusu ya mbele ya mwili wake imejaa tezi kubwa ambazo mirija yake huishia mdomoni. Anapogusa ngozi, mafuta yaliyo juu yake, hasa asidi ya linoleiki, humchochea kutoa yaliyomo katika tezi hizo. Kimeng'enya kikuu humo ni elastesi ya serkaria, kilicho katika kundi la vimeng'enya vya serini vinavyokata protini. Hukata elastini na protini nyingine zinazoshikamanisha tabaka za ngozi, huku mwili wa kiluwiluwi ukijinyonga na kujisukuma kwenye upenyo uliofunguka. Mkia hukatika. Katika dakika chache ameshaingia katika tabaka la juu la ngozi, na mwenye ngozi mara nyingi hakuhisi zaidi ya mwasho kidogo.

5. Ikiwa elastesi hutumiwa na serkaria, kwa nini RNA yake huonekana kwa wingi katika hatua ya konokono?

Swali hili huulizwa na karibu kila anayeanza kusoma majedwali ya usemi wa jeni. Wengi hudhani kwamba sampuli zimechanganyika. Hazikuchanganyika. Elastesi hutengenezwa wakati serkaria bado ni kiinitete ndani ya sporosisti binti. Seli za tezi hunakili jeni, hutengeneza protini, huipakia katika vifuko na kuihifadhi. Serkaria anapomtoka konokono na kuingia majini, kazi hiyo imekwisha: kimeng'enya kimejaa, RNA yake imepungua, naye hana haja ya kutengeneza kingine, kwa kuwa hali chakula na uhai wake ni wa siku moja au mbili tu.

Mhunzi hufua jembe kiangazi, nalo huingia shambani mvua ikinyesha. RNA mjumbe hutuonyesha saa ya kufua. Saa ya kulima huonyeshwa na protini yenyewe pamoja na utendaji wake. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo la kwanza la kuzingatia katika mada hii yote, kwa sababu mnyoo wa kichocho anahama kutoka mazingira hadi mazingira yasiyofanana kabisa, na mara nyingi silaha anazozihitaji mlangoni lazima awe nazo kabla hajaufikia mlango. Mtu anayesoma RNA ya serkaria peke yake angeweza kuhitimisha kwamba elastesi ni kimeng'enya cha pembeni katika hatua hiyo, wakati kumbe ndicho kinachofungua njia.

6. Nini hubadilika katika saa za kwanza ndani ya mwili?

Mambo mengi kwa pamoja. Serkaria majini huishi kwa akiba ya glikojeni na huichoma kwa kutumia oksijeni, kupitia mzunguko wa Krebs katika mitokondria. Ndani ya mwili hukuta glukosi tele, na katika muda wa saa chache huanza kutegemea zaidi glikolisisi, yaani uvunjaji wa glukosi usiohitaji oksijeni, akitoa laktiki asidi. Sehemu ya mabadiliko hayo hufanywa na vimeng'enya alivyokuja navyo, glukosi ya nje ikiwa ndiyo kichocheo. Usomaji mpya wa jeni, yaani kunakiliwa kwake katika RNA, hufuata na kuimarisha mwelekeo huo. Wakati huohuo ngozi ya nje ya mnyoo hujengwa upya, na vibebeshi vya glukosi huwekwa juu yake.

Mnyoo aliyekomaa hubaki na tabia hiyo: katika saa 5 hivi hutumia glukosi inayokaribia kulingana na uzito wake mkavu. Hivyo si ajabu kwamba RNA za vimeng'enya vya glikolisisi ni miongoni mwa zilizo nyingi katika mnyoo mzima. Athari ya jambo hili kwa vipimo imeelezwa katika swali la 11.

## Mnyoo mzima na yai lake

7. Ni vimeng'enya gani vinavyomeng'enya damu ndani ya mnyoo?

Mnyoo humeza seli nyekundu, huzipasua, kisha huikata hemoglobini kwa kundi zima la vimeng'enya vinavyopokezana. Kathepsini D, ya kundi la asidi ya aspatiki, huanza ukataji. Kathepsini B1 na kathepsini L huendeleza vipande, na vimeng'enya vya ncha, kama kathepsini C na aminopeptidesi ya lusini, humalizia hadi kupata asidi amino. Jeni nyingi za kundi hili husomwa katika seli za ukuta wa utumbo, na usomaji wake huongezeka mnyoo anapoanza kula damu.

Utumbo wa mnyoo huyu hauna tundu la nyuma, kwa hiyo hemu, yaani sehemu ya hemoglobini yenye chuma, hugandishwa kuwa rangi nyeusi na hutapikwa. Rangi hiyo humpa mtafiti kipimo kinachoonekana kwa macho. Jeni ya kathepsini D ilipozimwa katika minyoo wachanga, matumbo ya wale wa kulinganishia yalikuwa na rangi nyeusi kama kawaida, ilhali ya wale waliozimiwa yalibaki mekundu ya kung'aa, yamejaa hemoglobini isiyokatwa. Ukuaji wao ulidumaa na hatimaye walikufa.

8. Je, dume na jike wana usemi tofauti wa jeni za vimeng'enya?

Ndiyo, na tofauti kubwa zaidi hutokana na kuungana kwao. Minyoo wa kichocho wana jinsia mbili, jambo lisilo la kawaida kwa minyoo bapa. Dume ni mpana, na mwili wake umejikunja na kufanya mfereji ambamo jike, mwembamba na mrefu zaidi, hukaa. Jike asiyepata dume hubaki mdogo na viungo vyake vya uzazi havikomai. Akitenganishwa na dume baada ya kukomaa, viungo hivyo hurudi nyuma.

Mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba kiini cha uhusiano huo ni kimeng'enya cha dume. Dume anapoungana na jike huanza kusoma jeni ya kimeng'enya kinachounganisha vipande vya peptidi bila ribosomu, nacho hutengeneza molekuli ndogo iitwayo beta-alanili-triptamini. Molekuli hiyo peke yake inatosha kumfanya jike akomae na kutaga hata bila dume. Kwa upande wa jike, seli za kiini cha yai huanza kusoma kwa nguvu jeni za tirosinesi, kimeng'enya kinachogeuza mabaki ya tirosini katika protini za ganda ili yashikane na ganda liwe gumu. Jike wa S. mansoni hutaga mayai yapatayo 300 kwa siku, kwa hiyo jeni hizo hazipumziki. Anayechanganya minyoo wa jinsia zote katika sampuli moja hupata wastani usiomwakilisha yeyote kati yao.

9. Yai nalo lina vimeng'enya vyake?

Linavyo, na vina matokeo makubwa kwa mgonjwa, kwa kuwa madhara ya kichocho sugu hutokana hasa na mayai yaliyokwama katika ini na utumbo. Kimeng'enya kinachofahamika zaidi ni omega-1, ribonuklesi ya kundi la T2 inayotolewa na yai lililokomaa. Huingia katika seli za kinga za mtu, hukata RNA zake na kupunguza utengenezaji wa protini, na hivyo huuelekeza mfumo wa kinga kwenye mwitikio wa aina ya Th2, mojawapo ya njia kuu za kinga. Yai huchukua siku tano au sita kukomaa baada ya kutagwa. Kwa sababu hiyo, neno "mayai" katika jedwali halitoshi: umri wa mayai lazima utajwe.

## Vipimo na tafsiri yake

10. Usemi wa jeni hupimwaje katika hatua mbalimbali?

Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi leo. Kwa jeni chache hutumika PCR ya kupima kiasi: RNA hugeuzwa kuwa DNA, kisha jeni husika huzidishwa na mashine huhesabu mng'ao kwa kila mzunguko. Kwa jeni zote kwa pamoja hutumika usomaji wa mfuatano wa RNA, ambao huhesabu vipande vya kila jeni. Tangu 2020 ipo pia ramani ya minyoo wazima iliyosomwa seli moja moja, inayoonyesha jeni fulani imo katika utumbo, misuli, neva au seli za uzazi. Mtu anayetaka kuona kwa macho hutumia kipande cha RNA chenye rangi kinachoshikamana na RNA mjumbe ndani ya mnyoo mzima.

11. Kwa nini GAPDH haifai kuwa jeni ya kulinganishia?

Katika PCR ya kupima kiasi, jeni inayochunguzwa hulinganishwa na jeni inayodhaniwa kutobadilika. GAPDH imezoeleka sana kwa kazi hiyo. Lakini GAPDH ni kimeng'enya cha glikolisisi, na tumeona katika swali la 6 kwamba glikolisisi ndiyo inayobadilika sana serkaria anapokuwa skistosomula. Kulinganisha hatua hizo mbili kwa GAPDH ni kupima urefu kwa kamba inayonyumbuka: namba zitapatikana, lakini hazitakuwa na maana. Ninawasihi wanaoanza kazi hii wajaribu jeni kadhaa kwanza katika hatua zote wanazozilinganisha. PSMD4, jeni ya sehemu ya proteasomu (mtambo wa seli wa kuvunja protini), imetumiwa kwa mafanikio katika minyoo ya kichocho na ni mahali pazuri pa kuanzia.

12. RNA ikiwa nyingi, je, kimeng'enya nacho ni kingi?

Si lazima. Sababu ya kwanza ni ile ya swali la 5. Ya pili ni kwamba vimeng'enya vingi vya kukata protini hutengenezwa vikiwa na kipande cha kuvizuia, na havifanyi kazi hadi kipande hicho kiondolewe. Ya tatu ni umri wa protini: ile inayodumu kwa siku nyingi huweza kuwa nyingi hata kama RNA yake ni kidogo. Dai la kwamba kimeng'enya kinafanya kazi katika hatua fulani linahitaji ushahidi wa protini, na bora zaidi wa mmenyuko wenyewe.

13. Uchafuzi wa sampuli huleta makosa gani?

Sporosisti hutolewa wakiwa na tishu za konokono, na mayai kutoka ini la mnyama wa maabara huja na seli za ini. Usomaji wa mfuatano hutambua RNA za mwenyeji, yaani konokono au mnyama huyo, kwa kulinganisha na genomu yake, ila jeni za kale zinazofanana katika wanyama wengi huleta utata.

Skistosomula nao mara nyingi hutengenezwa maabara kwa kuwatikisa serkaria kwa nguvu au kuwapitisha kwenye sindano hadi mikia ikatike. Njia hii hutoa viluwiluwi wengi na wenye umri mmoja, lakini hawakupita ngozini na huenda bado wana akiba ya vimeng'enya vya tezi. Kwa maswali ya saa za kwanza, tofauti hiyo lazima itajwe wazi.

14. Tutajuaje kwamba kimeng'enya fulani ni cha lazima kwa mnyoo?

Kwa kukizima. Mbinu ya RNA yenye nyuzi mbili, ambayo huharibu RNA mjumbe ya jeni iliyochaguliwa, ilithibitishwa kwa minyoo hawa mwaka 2003, na kathepsini B ilikuwa miongoni mwa jeni za mwanzo kujaribiwa. Mwaka 2020 jeni 2,216 zilijaribiwa moja baada ya nyingine katika minyoo wazima, na 261 zilipozimwa zilileta dosari zinazoonekana, kuanzia misuli kulegea hadi kifo. Zana ya CRISPR, inayokata DNA mahali palipochaguliwa, nayo ilitumika mwaka 2019 kuharibu jeni ya omega-1 katika mayai.

Tahadhari ni kwamba jibu huhusu hatua iliyojaribiwa tu. Jeni isiyo ya lazima kwa mnyoo mzima huenda ni ya lazima kwa sporosisti.

## Dawa na chanjo

15. Prazikwanteli hushindwa kuua minyoo wachanga kwa sababu ya vimeng'enya?

Shabaha ya prazikwanteli, dawa kuu ya kichocho, si kimeng'enya. Ni mfereji wa ioni wa kundi la TRPM, uliotambuliwa mwaka 2019, ambao ukifunguliwa huingiza kalsiamu, misuli hukaza na ngozi ya mnyoo huharibika. Ni kweli kwamba minyoo wa wiki tatu au nne hawaathiriki kama wazima, na ndiyo maana mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kuhitaji kumeza dawa tena baadaye. Swali hili limewekwa hapa kwa sababu wengi huichanganya na dawa ya swali linalofuata.

16. Je, kuna dawa ambayo kazi yake inategemea kimeng'enya cha mnyoo?

Ndiyo, oksamnikwini. Inapomezwa bado haijawa sumu kwa mnyoo. Sulfotransferesi ya mnyoo mwenyewe ndiyo inayoigeuza kuwa molekuli inayoshambulia DNA yake. Mwaka 2013 ilithibitishwa kwamba minyoo sugu wana mabadiliko katika jeni hiyo yanayokifanya kimeng'enya kisifanye kazi. Huu ni usugu wa kupoteza: nakala zote mbili za jeni lazima ziharibike ndipo mnyoo apone. Oksamnikwini hutibu S. mansoni lakini si S. haematobium wala S. japonicum, ambazo ni aina nyingine za mnyoo wa kichocho.

17. Kimeng'enya kipi kinafaa kuwa shabaha ya dawa mpya?

Ninavyoona, kinachofaa ni kile ambacho mnyoo hawezi kuishi bila hicho, kinachosomwa katika hatua zote ndani ya mwili wa binadamu, na ambacho hakifanani na cha mtu. Thioredoksini-glutathioni reduktesi, kwa kifupi TGR, inakaribia sifa hizo. Binadamu ana vimeng'enya viwili tofauti vya kulinda seli dhidi ya sumu za oksijeni. Mnyoo wa kichocho anacho kimoja kinachofanya kazi zote mbili, na hana akiba. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba kukizima huua minyoo, na kwamba auranofini, dawa ya zamani ya baridi yabisi, hukizuia.

Chanjo ni suala gumu zaidi, kwa kuwa kimeng'enya kinaweza kusomwa kwa wingi bila kufikiwa na kingamwili. Glutathioni S-transferesi ya kilodaltoni 28 (kipimo cha uzito wa molekuli), kimeng'enya kutoka S. haematobium, ilifika majaribio ya awamu ya tatu kwa watoto nchini Senegal, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha kinga iliyotarajiwa.

## Mipaka ya mfano huu

18. Je, aina zote za kichocho hutumia vimeng'enya vilevile?

Hapana, hata katika kazi moja. S. japonicum, ambaye hupenya ngozi haraka, anategemea zaidi kathepsini B katika tezi zake kuliko elastesi iliyoelezwa katika swali la 4. Jedwali la aina moja lisihamishiwe kwa nyingine bila kupimwa.

19. Minyoo wengine nao hubadili vimeng'enya kwa hatua?

Hubadili, kila mmoja kwa njia yake. Mnyoo wa ini, Fasciola hepatica, akiwa mchanga husoma kathepsini B na aina ya kathepsini L inayoweza kukata kolajeni, kwa kuwa anatoboa ukuta wa utumbo na tishu za ini. Akifika kwenye mirija ya nyongo na kuanza kula damu, husoma aina nyingine za kathepsini L.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Ascaris, mnyoo mviringo wa utumbo. Lava wake huhitaji oksijeni, lakini mnyoo mzima huishi ndani ya utumbo ambamo oksijeni ni haba. Kimeng'enya kilekile cha mitokondria, kompleksi ya pili, hujengwa katika mnyoo mzima kwa vipande tofauti na vya lava, nacho hufanya kazi kinyumenyume: badala ya kuoksidisha suksineti kuwa fumareti, huigeuza fumareti kuwa suksineti kwa msaada wa rodokwinoni, molekuli inayobeba elektroni. Katika jedwali la usemi wa jeni, mabadiliko hayo huonekana kama jeni mbili zinazofanana sana zikipishana, moja ikishuka na nyingine ikipanda. Uchambuzi usiotenganisha jeni hizo mbili utaripoti kwamba hakuna kilichobadilika.